Makopa Juu ya Lami Mbichi

Siku hizi Kornelia havui buti akiwa kazini. Hata saa saba mchana, uwanja wa lami ukiwa wa moto kiasi cha kulainisha soli, huvuka akiwa na buti zake nyeusi za mpira, na akifika katikati huinama na kubonyeza kwa kidole gumba. Vibarua wake wawili, wanawake wa Nachingwea waliofanya naye kazi kwa misimu mitatu, wanakumbuka kwamba zamani alipima kwa kisigino. Alivua viatu, akatembea peku kutoka pembe moja hadi nyingine. Kisigino kikinata, walisubiri. Kisiponata, waliondoa kamba. Hawakumbuki siku ambayo kisigino kile kilikosea.

Aliacha kutembea peku mwezi wa nane mwaka jana, kwa sababu ya gunia moja la makopa ya muhogo.

Ana miaka arobaini na tisa. Alizaliwa Mnero, kwa wazazi Wamakua waliovuka Ruvuma kutoka Msumbiji wakiwa na jembe moja na mtoto mmoja, kaka yake. Kazi ya lami aliianza kwa fagio. Barabara ilipokuwa ikijengwa, mkandarasi aliajiri wanawake kufagia changarawe kabla ya gari la lami kupita, maana vumbi likibaki lami haishiki. Kornelia alifagia kwa miaka miwili. Wenzake walipokaa kivulini kusubiri gari, yeye alisimama na mafundi akauliza maswali hadi wakamchoka, na walipomchoka wakaanza kumpa kazi.

Alichojifunza anakieleza kwa maneno machache. Lami huuawa na jua, maji na mafuta ya magari. Jua huikausha hadi inageuka kijivu na kupasuka. Maji ya masika huingia kwenye nyufa na kula chini kwa chini. Mafuta yanayodondoka kutoka kwenye injini huilainisha hadi ikamenyeka kama ukoko wa ugali uliolala. Kinga yake ni kuipaka kabla haijachoka kabisa: unaosha madoa ya mafuta kwa sabuni, unafagia mara tatu, unaziba nyufa, kisha unapaka lami ya maji, aina ya lami isiyohitaji moto, iliyochanganywa na mchanga laini. Unaipaka mara mbili, nyembamba, na kati ya mkono wa kwanza na wa pili unaacha ikauke. Inapomwagwa huwa ya kahawia. Ikianza kukauka hugeuka nyeusi, na hapo ndipo watu wengi hudanganyika, kwa sababu juu inaweza kuwa nyeusi na kavu huku chini bado ni laini kama nta.

Kuanzia Nachingwea hadi Ruangwa viwanja vya lami si vingi. Viko kwenye vituo vya mafuta, nyumba za wageni, maghala machache na parokia moja. Kornelia anavijua vyote, kila kimoja kwa nyufa zake.

Kuna jambo jingine alilolijua mapema kuhusu lami, nalo halikutoka kwa mafundi. Mwaka wake wa kwanza barabarani alichukua pipa tupu la lami ya maji akalipeleka nyumbani. Alilisugua kwa mchanga na sabuni, akalisugua tena, akalijaza maji ya kunywa. Binti yake, Eva, alikuwa na miaka minne. Baada ya siku chache Eva alishikwa na tumbo, akatapika, akalazwa wiki nzima hospitalini. Kornelia alimweleza daktari habari za pipa. Daktari hakusema ni pipa, wala hakusema si pipa. Eva alipona, leo ni msichana mrefu anayesomea ualimu. Pipa lile Kornelia alilichimbia shimo na kulifukia, na majirani wakasikitika kuona mtu anazika kitu kizima.

*

Uwanja alioupaka Ruangwa mwezi ule wa nane ulikuwa wa Mudrik, mfanyabiashara wa ufuta aliyegeukia nyumba za wageni. Alikuwa amenunua iliyokuwa kambi ya mkandarasi pembezoni mwa mji: majengo marefu, ukumbi, na uwanja wa lami wenye hatua arobaini kwa ishirini na tano, uliotengenezwa kwa ajili ya malori. Kambi ilikuwa imekaa tupu miaka mitatu. Sasa Mudrik alikuwa na harusi yake ya kwanza ukumbini, Jumapili, na alitaka magari ya bibi harusi yasimame juu ya weusi unaong'aa.

Jambo ambalo hakumwambia Kornelia, kwa sababu yeye mwenyewe hakuliona kuwa jambo, ni matumizi ya uwanja ule katika miaka hiyo mitatu. Wanawake wa mtaa wa nyuma walikuwa wakiingia kupitia tundu la ukuta na kuanika. Walianika ufuta, kunde, na hasa makopa, yaani mihogo iliyomenywa na kupasuliwa ili ikaushwe kwa ajili ya unga. Lami hushika joto. Makopa yanayohitaji siku nne juu ya bati, pale yalikauka kwa siku moja na nusu. Mwenye nyumba iliyo karibu zaidi na tundu lile ni Bibi Hajra, mjane Mmwera wa miaka sabini na kitu, na yeye ndiye aliyelitumia zaidi.

Kornelia alifanya kila alichozoea kufanya. Jumatatu na Jumanne walisafisha na kuziba nyufa. Jumatano asubuhi walipaka mkono wa kwanza. Alifunga kamba langoni, akaona tundu la ukuta, akaliziba kwa matawi ya miiba. Saa kumi alasiri alivua viatu akatembea peku kutoka langoni hadi kwenye ukuta wa nyuma, akageuka, akarudi. Kisigino hakikunata. Alikuwa anapima kama uwanja uko tayari kupokea mkono wa pili, basi. Alivaa viatu, akaacha kamba na miiba mahali pake, na alfajiri ya Alhamisi akaenda na vibarua wake Nachingwea kufuata mapipa yaliyobaki.

Walirudi Ijumaa saa moja na nusu asubuhi, mapipa yakiwa nyuma ya Canter. Matawi ya miiba yalikuwa yamesogezwa pembeni na kupangwa vizuri. Upande wa nyuma wa uwanja, kwenye lami nyeusi, kulikuwa na weupe uliotawanyika kama majivu. Kornelia alipiga magoti. Weupe ulikuwa vipande vidogo vya muhogo vilivyonata. Alibandua kimoja kwa ukucha. Upande wa juu ulikuwa mweupe. Upande wa chini ulikuwa na madoa meusi, na alipoyasugua yaliacha alama kwenye kidole.

Alipita kwenye tundu la ukuta bila kuwaaga vibarua.

"Hodi hapa!"

"Karibu." Bibi Hajra alikuwa anachochea moto.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Umerudi na pipa zako."

"Nimerudi. Bibi, nani ameanika makopa pale jana?"

"Mimi." Bibi Hajra alitabasamu. "Umefanya vizuri, umetusafishia. Nilikuwa nayaanika kwenye bati siku ya pili. Pale siku moja tu, kavu kabisa."

"Yako wapi?"

"Yamekwenda. Kwa Munira, binti yangu, Mbekenyera. Kajifungua, siku ya kumi na nne leo. Hawana kitu ndani. Nimempa mtu wa gari ya jioni, gunia zima."

Kornelia alikaa juu ya kinu kilicholala, ingawa hakukaribishwa kukaa. "Bibi, niliweka miiba."

"Miiba niliiona. Nikangoja. Siku nzima nimengoja." Bibi Hajra alisema polepole, kama mtu anayechagua maneno ya Kiswahili moja moja. "Halafu nikakuona wewe mwenyewe. Umevua viatu, unatembea peku, kwenda na kurudi. Nikasema, haya, pamekuwa safi. Mtu havui viatu pachafu."

Katika nyumba zote za pale, Waislamu kwa Wakristo, mtu akivua viatu mlangoni maana yake ni moja: ndani ni pa kukaa, pa kulia chakula.

Namba ya Munira ilikuwa imeandikwa kwa mkaa ukutani. Kornelia aliipiga mara tatu. Haikupatikana. Bibi Hajra hakuwa na namba nyingine ya mtu yeyote wa Mbekenyera.

"Yana nini makopa yangu?" aliuliza sasa, na tabasamu lilikuwa limeondoka.

"Yameshika lami. Hayafai kuliwa."

"Mbona sikuona?"

Swali hilo ndilo lililomwinua Kornelia kutoka kwenye kinu. Makopa yakipata umande huota madoa meusi ya ukungu, na hakuna mama wa nyumba upande wa kusini anayeyatupa kwa sababu hiyo. Anayakwangua kwa kisu anaendelea. Kwa hiyo weusi ambao ungemshtua mtu wa mahali pengine, pale haukumwambia mtu lolote. Bibi Hajra hakuona. Munira naye angeona madoa, angechukua kisu.

*

Langoni Mudrik alikuwa ameshafika, mikono kiunoni.

"Fundi, saa mbili hii. Mbona mapipa bado yako kwenye gari?"

"Bosi, naomba nitoke kidogo. Nakwenda Mbekenyera."

"Mbekenyera kufanya nini? Lami imehamia huko?"

Alimweleza. Mudrik alisikiliza, akatazama weupe ule uwanjani, akakereka kwa sababu yake mwenyewe. "Wameniharibia uwanja. Sasa wewe paka kwanza, kisha upige simu."

"Simu haipatikani."

"Itapatikana. Mama, leo Ijumaa. Ukipaka leo, kesho inakauka, keshokutwa nina watu mia mbili. Ulinieleza wewe mwenyewe."

"Nitawahi kurudi," Kornelia alisema. Hakuwa na hakika.

Kijana wa bodaboda aliyempata kwenye kijiwe aliitwa Twalha. Njiani, kabla ya kuuacha mji, alisimama akanunua petroli ya ziada kwenye chupa ya maji, akaifunga kwenye usukani. "Kule wanauza kama dawa ya macho, maza," alisema. "Shika vizuri. Hii barabara ukipiga chafya umeshaanguka."

Kornelia hakucheka. Alikuwa akipanga saa kichwani, mara ya nne au ya tano. Gunia lilifika jana jioni. Nyumba isiyo na unga haingesubiri: makopa yangekwenda mashineni asubuhi. Mashine za vijijini huanza saa mbili. Unga ungerudi nyumbani saa tatu, nne. Ugali wa mchana husongwa saa sita. Sasa ilikuwa saa tatu na robo. Kila walipopunguza mwendo kwenye mchanga mguu wake ulikanyaga chini kana kwamba kuna pedali ya mafuta.

Kilichomsumbua zaidi hakikuwa kujua kwamba chakula kile kina sumu. Kilikuwa kutojua. Alikuwa ameshika lami kwa mikono miaka kumi na nane na angali hai. Lakini alikuwa amemwona pia Eva amejikunja kitandani kama kambale, na hakuna mtu aliyewahi kumwambia kwa nini.

Simu iliita mara sita mfukoni. Zote zilikuwa za Mudrik. Kati ya hizo alijaribu ya Munira mara nne.

Walifika Mbekenyera saa tano kasorobo, wakaulizia nyumba yenye mtoto mchanga. Munira alikuwa amekaa barazani, mtoto amelala kwenye khanga kando yake. Alikuwa na kisu mkononi na ungo mapajani, anakwangua makopa. Mumewe, Kaimu, alikuwa anasugua viatu tayari kwa swala.

Kornelia alisalimia na kujieleza, haraka mno. Ilibidi aanze upya.

"Subiri," Kaimu alisema. "Umetoka Ruangwa na bodaboda kuja kutuambia makopa yana madoa? Mama, makopa yote yana madoa."

"Haya si ya ukungu. Ni lami."

"Umejuaje? Umeyaonja?"

"Nimeipaka mimi hiyo lami."

"Wanunuzi wa ufuta nao huja hivi hivi," Kaimu alimwambia mkewe, kana kwamba mgeni hayupo. "Mara una mchanga, mara una unyevu, mara daraja la pili. Wewe ukishakata tamaa, wanaubeba kwa bei ya kutupa." Akamgeukia Kornelia. "Sasa wewe unataka kuyabeba kwa bei gani?"

"Sitaki kuyabeba. Nataka uyafukie."

"Hapo ndipo umenishinda kabisa!"

Munira hakuwa ameacha kukwangua. "Mama angeniletea kitu kibaya?" aliuliza taratibu. Lilikuwa swali gumu kuliko yote, na Kornelia aliona kwamba maneno hayatatosha. Watu wale hawakuwa wajinga. Walikuwa na njaa na wameshadanganywa mara nyingi na wageni wenye haraka.

Aligeuka. "Twalha, nipe petroli yako."

"Maza, hiyo ni ya kurudia."

"Nitakununulia nyingine. Munira, mwanangu, una makopa yako ya zamani, hata kipande kimoja, yenye ukungu?"

Kilikuwepo kimoja, kimesahauliwa darini. Kornelia aliomba vikombe viwili vya bati vilivyochakaa au vya kutupwa, akapata vya kopo. Alitia kipande cha darini katika kimoja na kipande cha kwenye gunia katika kingine, akamimina petroli hadi vikazama. Wote wakainama, Twalha akiwa wa kwanza, maana petroli ilikuwa yake.

Kwa muda hapakuwa na kitu. Kaimu alianza kutikisa kichwa. Kisha kutoka kwenye kipande cha pili kikatoka kiuzi cha kahawia, kikazunguka, na kingine, na petroli ikabadilika taratibu hadi ikawa kama chai ya rangi. Kwenye kopo la kwanza madoa ya ukungu yalikaa palepale na petroli ilibaki kama ilivyokuwa.

"Hivi ndivyo tunavyonawa mikono kazini," Kornelia alisema. "Ukungu hauyeyuki kwa petroli. Lami inayeyuka."

Kaimu aliinua kopo la pili, akalinusa, akaliweka chini. Hakuomba radhi. Aliingia ndani akatoka na ndoo. "Huu ndio unga. Nimesaga debe moja asubuhi. Hatujaupika, tulikula viporo."

"Wote uko hapa?"

"Wote."

Munira alikuwa ameweka kisu chini. "Si wote, Baba Mtoto. Ulipokuwa unaoga, Zuleha alikuja kuazima bakuli la unga."

*

Nyumba ya Zuleha ilikuwa ya tatu kutoka pale. Kornelia hakumbuki kama alikimbia. Twalha anasema alikimbia, na kwamba buti moja ilibaki njiani.

Uani, juu ya mkeka, bibi mmoja na watoto wawili walikuwa wakinawa mikono kwenye beseni. Mbele yao kulikuwa na sinia, na kwenye sinia kulikuwa na ugali unaotoa moshi, wa kijivu zaidi kidogo kuliko ugali wa makopa unavyokuwa. Mtoto mkubwa alikuwa ameshanyoosha mkono. Kornelia aliingia bila hodi, akainama, akalinyanyua sinia, akasimama nalo kifuani.

Zuleha alitoka jikoni na bakuli la kunde. Alikuwa mwanamke mnene wa miaka thelathini na kitu, mwenye sauti inayofika mtaa wa pili.

"Weee! Nimesikia wezi wa kuku, wezi wa ufuta. Mwizi wa ugali namwona leo! Na hata mboga hujasubiri?"

"Dada, nisamehe. Usiwape watoto."

"Hata hodi! Kwenu mnafundishwa hivyo?"

"Mwache aseme," mama mkwe wake alisema, mikono bado inadondosha maji. "Mtu haibi ugali wa moto bila sababu. Unaunguza."

Na kweli ulikuwa unamuunguza, lakini hakuliweka sinia chini hadi Munira alipofika akihema, mtoto kifuani, akaeleza kwa lugha yao. Zuleha alimsikiliza hadi mwisho. Kisha akatazama kunde zake.

"Nani ameonja?" Kornelia aliuliza.

"Watoto hawajagusa. Mama hajagusa."

"Na wewe?"

"Mimi nimepika. Mpishi gani haonji?"

"Kiasi gani?"

"Tonge." Akafikiri. "Haya, matonge mawili. Nilikuwa na njaa. Mbona unanitazama hivyo?"

Walikwenda zahanati wote, Zuleha akilalamika njia nzima kwamba anapelekwa kama ng'ombe wa chanjo. Mhudumu alimpapasa tumbo, akatazama ulimi, akauliza kiasi. Akasema anywe maji, apumzike, aangaliwe hadi kesho, na akitapika au akishikwa na tumbo wamrudishe haraka. Kornelia aliuliza kama kuna hatari. Mhudumu hakusema ipo, wala hakusema haipo. Lilikuwa jibu lilelile la miaka yote ile.

Simu iliita wakiwa bado kwenye benchi la nje.

"Uko wapi?" Mudrik aliuliza. "Vibarua wako wamekaa kwenye mapipa kama wako kituoni."

"Niko Mbekenyera. Kuna mtu amekula, bosi. Leo siji. Nabaki hadi kesho nimwone."

"Anaumwa?"

"Hapana. Bado."

"Basi hata kama ataumwa, wewe ni daktari?" Mudrik alishusha sauti, akawa karibu mpole. "Mama, hebu nisikilize. Uliweka kamba. Uliweka miiba. Watu wakatoa miiba yako wakaingia uwanjani kwangu. Kosa lako liko wapi?"

"Mimi ndiye niliyetembea peku."

"Sielewi," Mudrik alisema. "Na ndugu yangu wa kituo cha mafuta Nachingwea nilishamwambia akupe kazi yake. Nimwambie nini sasa? Kwamba fundi wangu yuko kijijini anatazama mtu?"

"Mwambie hivyo."

Simu ilikatika. Hakujua kama ni Mudrik aliyekata au ni mtandao.

Kaimu aliporudi kutoka msikitini alichimba shimo nyuma ya choo, akafukia gunia, unga na ugali. Juu akamwaga petroli iliyobaki ili kuku wasichakure, jambo lililomuumiza Twalha kuliko mtu yeyote. Kornelia alimlipa, akamtuma kwa vibarua na maneno kwamba warudi nyumbani.

Alasiri yote alikaa uani kwa Zuleha, akimsaidia kupepeta ufuta. Zuleha alipokohoa, Kornelia aliacha ungo. Zuleha alipoingia chooni, Kornelia alihesabu.

"Usinitazame hivyo, mama," Zuleha alisema. "Unanitazama kama sufuria ya maziwa. Nikichemka utaniepua?"

"Tumbo liko vipi?"

"Liko na njaa. Umelitupia ugali wake shimoni."

Alilala kwa Munira. Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi alikuwa tayari ameegemea nguzo ya ua wa Zuleha. Zuleha alitoka na fagio, akamwona, akajipiga kofi pajani.

"Bado mzima! Uliota umenizika?"

"Sikulala."

"Basi hiyo ndiyo hasara. Mimi niliyekula sumu nimelala hadi nikakoroma."

*

Harusi ilifanyika Jumapili juu ya mkono mmoja wa lami, na wageni waliuliza ule weupe upande wa nyuma ni nini. Mudrik hakumwita Kornelia hadi baada ya siku nne, na alipomwita alizungumza kwa kifupi. Mkono wa pili ulipakwa wiki iliyofuata. Kazi ya kituo cha mafuta Nachingwea alipewa fundi mwingine kutoka Masasi.

Kabla ya kupaka, Kornelia alipita kwenye tundu la ukuta. Alimwambia Bibi Hajra kwamba kuanzia sasa asitazame miguu yake. Akitaka kujua, aulize kwa mdomo.

"Haya, nakuuliza kwa mdomo," Bibi Hajra alisema. "Ikikauka hiyo, nitaanika lini?"

"Chakula usianike tena pale, bibi. Hata ikikauka."

"Kabisa?"

"Kabisa."

"Basi umetunza uwanja wake, umetuharibia wetu," Bibi Hajra alisema bila hasira, akarudi kwenye bati lake.

Kutoka kwenye ghala la nyumbani kwake Mnero, Kornelia alipeleka Mbekenyera gunia moja la makopa meupe, na juu yake bakuli la unga lililofungwa kwenye kitambaa, la Zuleha. Namba ya simu ya Zuleha alikuwa ameiomba Jumamosi ile kabla hawajaagana. Aliipiga kila asubuhi tangu alipoondoka Mbekenyera, saa kumi na mbili na nusu, kabla hajawasha moto. Siku ya kwanza Zuleha alicheka. Siku ya tatu alimwambia amwache apumue. Siku ya tano alipokea akasema tu, "Mzima," akakata. Kornelia aliendelea. Alikuwa amejipangia wiki moja, kwa sababu Eva alilazwa wiki moja, na hakuwa na kipimo kingine.

Asubuhi ya nane hakupiga. Alikuwa njiani kwenda Nachingwea na mafagio yake wakati simu ilipoita.

"We mama," ilisema sauti inayofika mtaa wa pili. "Leo hujapiga. Unaumwa?"